Udahili ni mlango mmoja, mkopo ni mwingine: mwongozo kwa familia zinazosubiri

Matokeo ya kidato cha sita, ambayo miaka ya karibuni hutangazwa mwezi Julai, yakishatoka, nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe huingia katika kipindi kigumu cha kusubiri. Kipindi hicho huendelea hadi vyuo vinapofunguliwa, Oktoba au Novemba. Kijana amefaulu na majirani wamempongeza, lakini ndani ya nyumba wazazi hawalali vizuri.

Maswali tunayoletewa na wasikilizaji kila msimu, kuanzia kata ya Pangani hapa Kibaha hadi Maneromango na Mzenga kule Kisarawe, ni matatu. Achague chuo gani? Mkopo utatoka? Na usipotoka, tuuze nini?

Makala hii inajibu maswali hayo kwa utaratibu. Jambo kubwa tunalotaka msikilizaji abaki nalo ni hili: kupata chuo na kupata mkopo ni mambo mawili tofauti, yanashughulikiwa na ofisi tofauti, na kila moja lina tarehe zake. Familia nyingi huumia kwa kudhani kuwa la kwanza likishapatikana, la pili litafuata lenyewe.

Nani anafanya nini?

Nafasi ya kusoma hutolewa na chuo chenyewe. Mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka, kupitia mfumo wa chuo hicho kwenye mtandao. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kazi yake ni kusimamia: inaweka vigezo, inatangaza dirisha la maombi na awamu zake, na inahakiki majina ya waliochaguliwa.

Tunasisitiza hili kwa sababu kaka na dada waliomaliza zamani huwapa wadogo zao maelekezo yaliyopitwa na wakati. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/11 maombi yalikuwa yakipita katika mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa kwa waombaji wa shahada, wakarudi kuomba vyuoni.

Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada, vipo chini ya baraza jingine, NACTVET, ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE.

Mkopo ni kazi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Bodi hiyo ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Haitoi chuo na wala haimchagulii mtu kozi. Inapokea majina ya waliodahiliwa, inayalinganisha na maombi ya mkopo iliyonayo, kisha inapima uhitaji wa kila mmoja.

Kwa hiyo kijana anaweza kupata chuo akakosa mkopo. Anaweza pia kuwa ameomba mkopo vizuri kabisa akaukosa kwa sababu hana chuo. Milango yote miwili inatakiwa ibishwe kwa wakati.

Kusubiri kwenyewe kunaanzia wapi?

Mitihani ya kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Vijana wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, wakakaa kambini katikati ya mwaka, na huko mara nyingi kijana hana simu yake. Wakati huohuo ndipo madirisha ya maombi ya chuo na ya mkopo yanapofunguliwa. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakienda baadhi ya makambi kutoa maelekezo, lakini nyaraka nyingi zinazotakiwa ziko nyumbani, kwenye sanduku la mama.

Hii ina maana kwamba mzazi ndiye mwenye kazi ya kwanza. Kabla kijana hajaondoka, kaeni chini muandike kwenye daftari moja: namba yake ya mtihani ya kidato cha nne, namba ya kidato cha sita, barua pepe anayotumia, neno la siri la barua pepe hiyo, na vyuo anavyofikiria. Daftari hilo likae nyumbani.

Tarehe za kufungua na kufunga hubadilika kila mwaka na mara nyingine huongezwa siku. Usimwamini mtu anayekwambia "bado muda upo" kwa sababu mwaka jana ulikuwepo. Tangazo la TCU na la HESLB la mwaka husika ndilo la kufuata.

Alama nne si tiketi

Kwa waliomaliza kidato cha sita, kigezo cha chini cha kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yanayohitajika kwa kozi hiyo, kwa jumla ya alama zisizopungua 4. A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili katika masomo yanayotakiwa amefika mlangoni.

Kufika mlangoni, hata hivyo, si kuingia. Kozi nyingi zina vigezo vya juu zaidi ya hapo, na penye ushindani chuo huchukua wenye alama kubwa kwanza. Mwongozo wa udahili wa TCU unaonyesha kila kozi inataka masomo gani na alama ngapi. Unapatikana bure kwenye tovuti yao na unasomeka kwenye simu. Kuusoma kwa saa moja kunaokoa pesa ya maombi katika vyuo ambavyo kijana hana nafasi navyo.

Ujumbe mfupi unaoamua kila kitu

Kijana anaruhusiwa kuomba vyuo kadhaa, na wengine huchaguliwa na zaidi ya kimoja. Familia hufurahi, na inapaswa kufurahi. Lakini hapo kuna kazi isiyosubiri: lazima athibitishe chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa.

Uthibitisho unafanyika kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu, au kwa barua pepe, ile aliyoandika wakati wa kuomba. Anaingia kwenye mfumo wa chuo alichokichagua na kuiweka namba hiyo. Ikiwa ujumbe haukufika, anaweza kuingia katika mfumo wa chuo husika na kuomba atumiwe tena.

Sasa fikiria namba ya simu iliyoandikwa pale ni ya nani. Vijana wengi wa vijijini huenda kujaziwa fomu kwenye stesheneri za mjini, Maili Moja, Mlandizi au Kisarawe mjini. Mwenye stesheneri akiwa na haraka anaweza kuandika simu yake au barua pepe yake ili kazi iende. Miezi miwili baadaye ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata humkumbuki jina. Asipothibitisha kwa wakati, kijana anaweza kupoteza nafasi zote, na bila nafasi hakuna mkopo.

Kwa hiyo sharti la kwanza ukiingia stesheneri: simu ni ya kwetu, barua pepe ni ya kwetu, neno la siri tunaliandika sisi. Na laini hiyo isibadilishwe hadi kijana asajiliwe chuoni.

Mkopo unampa nani, na unalipa nini?

Bodi inaangalia mambo kadhaa. Mwombaji awe Mtanzania, awe na nafasi katika chuo kinachotambulika, asiwe na ajira au mfadhili mwingine anayemlipia, na awe amemaliza masomo yake ya kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Baada ya hapo ndipo uhitaji unapopimwa. Yatima, wenye ulemavu, wenye wazazi wenye ulemavu, wanaotoka kaya za TASAF na waliosomeshwa sekondari na wafadhili kwa sababu ya umaskini huangaliwa kwa namna ya pekee, ila kila hali lazima iwe na karatasi ya kuithibitisha.

Mkopo umegawanyika katika mafungu. Lipo la ada, ambalo huenda moja kwa moja chuoni. Lipo la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wanaliita bumu, na ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku kutoka 8,500 ya awali. Yapo ya vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti na mahitaji maalumu ya kozi. Si kila mwanafunzi anapata mafungu yote, na si kila mwanafunzi anapata ada yote. Mmoja anaweza kupewa ada kamili na mwingine sehemu tu, kulingana na tathmini.

Kosa dogo linalokata jina

Nyaraka zenyewe zinajulikana: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa kwa yatima, fomu ya maombi iliyosainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na kuthibitishwa mbele ya hakimu au wakili, taarifa za mdhamini na kitambulisho chake, picha, na akaunti ya benki ya mwombaji. Ada ya maombi kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi tunaiita kontroli namba.

Yapo makosa manne ambayo tunaomba mzazi ayakague mwenyewe kabla fomu haijatumwa.

La kwanza ni namba ya kidato cha nne. Namba iliyotumika kuomba chuo ndiyo itumike kuomba mkopo. Kijana aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja. Akiomba chuo kwa namba ya mwaka huu na mkopo kwa namba ya mwaka ule, majina hayakutani. Bodi inaona mwombaji asiye na chuo, na chuo kinaona mwanafunzi asiye na mkopo.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha shule kinasema Mwanahidi. Herufi moja inatosha kuleta usumbufu. Rekebisheni mapema kupitia ofisi zinazohusika, maana mwezi Agosti kila mtu yuko kwenye foleni.

La tatu ni mahali. Mkazi wa Pangani yetu anatoka Mkoa wa Pwani, Kibaha, kata ya Pangani. Anayejaza kwa haraka anaweza kuchagua Wilaya ya Pangani iliyoko Tanga, na fomu ikasainiwa na mtendaji wa Kibaha. Kumbukeni pia kuwa ndani ya mji wa Kibaha anayesaini ni wa serikali ya mtaa, na katika vijiji vya Kisarawe ni wa serikali ya kijiji.

La nne ni karatasi kuachwa. Fomu imesainiwa, imegongwa muhuri, halafu ukurasa wa pili haukuskaniwa. Fungueni kila faili mliloweka muone kama linasomeka.

Kupima chuo kwa hesabu tatu

Sasa tuje kwenye swali la kuchagua. Wazazi wengi huuliza "chuo gani ni kizuri?" Swali hilo ni la haki, ila lina mwenzake: chuo gani tunaweza kukimaliza? Kijana anayeingia mwaka wa kwanza na kurudi nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa ada amepoteza muda, na familia imepoteza mali.

Tunashauri kila chuo kilicho mezani kipigiwe hesabu tatu: mkopo ukitoka wote, ukitoka nusu, na usipotoka kabisa.

Tuchukue mfano. Si familia ya mtu fulani, ni mfano tu wa kupigia hesabu. Baba na mama wako kijiji kimojawapo cha Kisarawe, wana ekari mbili za mikorosho, mihogo, na mbuzi sita. Kijana wao amesoma PCB. Amepata C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia. Kwa Kemia na Biolojia ana alama 5. Mbele yake kuna njia tatu: shahada ya mambo ya kilimo katika chuo cha umma Morogoro, shahada katika chuo binafsi Dar es Salaam, au stashahada ya afya.

Tuseme ada ya chuo cha umma ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka na ya chuo binafsi ni 3,000,000, na kozi zote mbili ni za miaka mitatu. Mkopo wa ada ukitoka wote, njia zote mbili zinapitika. Ukitoka nusu, chuo cha umma kinaidai familia 650,000 kwa mwaka, yaani 1,950,000 kwa miaka mitatu. Chuo binafsi kinaidai 1,500,000 kwa mwaka, yaani 4,500,000. Usipotoka kabisa, ni 3,900,000 kwa upande mmoja na 9,000,000 kwa upande wa pili, na hapo hajala wala hajalala.

Tunachosema si kwamba chuo binafsi ni kibaya, maana vipo vizuri na vinaajirisha. Tunachosema ni kwamba tofauti ya vyuo haionekani siku mkopo umetoka wote. Inaonekana siku umetoka nusu. Familia ichague chuo ambacho hesabu ya pili inabebeka, na kwa hesabu ya tatu iwe na mpango.

Ada kamili ya kila kozi iulizwe chuoni, pamoja na michango ya usajili, bima ya afya, ada ya udhibiti ubora ya TCU na gharama za mafunzo kwa vitendo. Ulizeni pia kama ada inalipwa kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali nusu kwa muhula wa kwanza na nusu kwa muhula wa pili.

Karibu si rahisi kila mara

Sisi wa Pwani tuna bahati ya kuwa jirani na Dar es Salaam, na wazazi wengi husema "asome Dar, atakuwa anarudi nyumbani". Pigeni na hesabu hiyo. Mwanafunzi anayetoka Pangani kwenda Mlimani anahitaji gari au bodaboda hadi barabara ya Morogoro, gari jingine hadi Mbezi, na jingine hadi chuoni. Wa Kisarawe mjini anapita Gongo la Mboto kisha anaunganisha. Nauli ya kwenda na kurudi kwa siku tano za wiki, pamoja na saa anazopoteza barabarani, inaweza kukaribia kodi ya chumba cha kushirikiana na mwenzake. Na mwanafunzi wa sayansi mwenye maabara ya jioni atafika nyumbani usiku.

Kwa upande mwingine, mbali si mbali kama zamani. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na ikaendelea hadi Dodoma mwaka huohuo. Kwa mwanafunzi anayerudi nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka, nauli ya safari si kitu cha kumzuia kuchagua Morogoro au Dodoma, ikiwa huko kuna bweni na maisha ni nafuu.

Njia ya stashahada si ya walioshindwa

Eneo letu lina historia ndefu ya elimu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Ndani yake pamekuwa na shule, chuo cha afya, chuo cha maendeleo ya wananchi na Hospitali ya Tumbi. Kisarawe wana Minaki. Pamoja na hayo, bado tunasikia wazazi wakisema kijana wa kidato cha sita akienda stashahada "ameshuka".

Turudi kwa kijana wetu wa mfano. Alama zake zinamruhusu shahada fulani, lakini si zile za afya alizozitamani. Stashahada za afya huangalia zaidi ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Anaweza kusoma, akapata taaluma inayomwezesha kufanya kazi, kisha akaomba shahada akiwa na stashahada yenye wastani usiopungua 3.0. Njia ni ndefu zaidi, ila katikati yake kuna mshahara.

Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 serikali imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na mifugo, uchukuzi, nishati na madini. Anayefikiria njia hii asome mwongozo wa mikopo ya stashahada, kwa kuwa una orodha yake ya kozi na dirisha lake.

Pesa ya mwezi wa kwanza

Hili watu wengi hawalijui hadi limewakuta. Hata aliyepata mkopo wote hapokei bumu akiwa nyumbani. Ni lazima aripoti chuoni, asajiliwe, asaini, ndipo fedha ziingie kwenye akaunti yake. Hapo katikati siku zinapita. Kijana anahitaji nauli, godoro, ndoo, chakula, na mahali pa kulala.

Kwa hiyo kila familia iwe na mfuko wa mwezi wa kwanza, mkopo upo au haupo. Ukitumia kipimo cha Bodi chenyewe cha 10,000 kwa siku, siku 30 ni shilingi 300,000, kisha ongeza nauli na vifaa.

Hapa kalenda ya shamba na kalenda ya chuo hazipatani. Korosho zetu huanza kuvunwa karibu Oktoba, zikaenda ghalani, zikasubiri mnada, na malipo huja baadaye. Chuo kinataka pesa kabla ya hapo. Ndiyo maana mwezi Septemba walanguzi wa kangomba hupita vijijini wakijua nani ana mtoto anayekwenda chuo. Wanalipa taslimu, kwa bei ya kuumiza, kwa korosho ambazo bado ziko juu ya mti.

Familia yetu ya mfano inaweza kujipanga hivi: mbuzi wawili wauzwe kwa utulivu mwezi Agosti, kabla ya haraka, ndio mfuko wa mwezi wa kwanza. Pesa ya korosho iwekwe kwa ada ya muhula wa pili, unaoanza baada ya mwaka mpya. Mihogo iendelee kulisha nyumba. Hapo hakuna kilichouzwa kwa bei ya kutupa.

Jina halimo kwenye orodha. Tuuze shamba?

Msiuze. Angalau msiuze siku hiyo.

Bodi haitoi majina yote kwa mkupuo. Hutangaza awamu ya kwanza, ya pili, na hata zaidi, kadiri majina ya udahili yanavyokamilika. Mwombaji anaangalia katika akaunti yake ya mkopo aliyoifungua wakati wa kuomba, inayoitwa SIPA. Humo anaona kama amepangiwa, amepangiwa kiasi gani na kwa fungu gani. Asitegemee orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Awamu zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa. Aliyekosa kabisa na aliyepata kidogo wote wanaweza kukata rufaa. Rufaa yenye nguvu ni yenye karatasi ambayo haikuwepo mwanzo: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, uthibitisho wa ulemavu wa mzazi, namba ya kaya ya TASAF. Kuandika tu "sisi ni maskini" hakuongezi kitu, kwa kuwa wote wanaoomba wameandika hivyo.

Aliyekosa pia kwenye rufaa na bado familia ikafanikiwa kumlipia mwaka wa kwanza anaweza kuomba tena akiwa mwanafunzi anayeendelea. Na aliyeshindwa kabisa kwenda mwaka huu anaweza kuomba upya mwaka ujao, mradi hajapita ile miaka mitano. Kusubiri mwaka mmoja kunauma, lakini kijana anaweza kuutumia kupata cheti cha kuzaliwa kilichokosekana, kurekebisha majina na kuweka akiba.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu ya hali ya ardhi yetu. Kibaha na Kisarawe wanunuzi wa viwanja hawakosekani, wengi wakitoka mjini na pesa mkononi. Ekari ikiuzwa kwa haraka mwezi Oktoba, na mkopo ukatoka Novemba, mkopo hauwezi kuirudisha ekari. Wadogo zake waliobaki shuleni nao watahitaji kitu cha kusomea.

Mkopo ni deni, lakini ni deni la namna gani?

Wapo wazazi wanaoogopa hata kuomba. Bodi haiombi hati ya shamba wala nyumba. Anayedaiwa ni mwanafunzi, na akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa mshahara wa 700,000 ni shilingi 105,000 kwa mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikifanya deni liongezeke kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, na vivyo hivyo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa.

Ni makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara, na kijana ayajue kabla ya kusaini. Lakini ukiyalinganisha na mkopo wa riba wa mtaani unaochukuliwa kwa dhamana ya shamba, mzazi ataona upi unamwacha akilala usingizi.

Wanaokula kwa jasho la wengine

Kila msimu hujitokeza watu wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa maofisa, wakiahidi kuongeza asilimia za mkopo au kumwingiza kijana kwenye awamu inayofuata. Wanataka utume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Malipo halali yanapita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Neno la siri la akaunti ya kijana asipewe mtu yeyote, hata mjomba anayejua kompyuta.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwa familia iliyo katikati ya kusubiri, tunapendekeza mambo sita ambayo hayahitaji pesa nyingi.

1. Hakikisheni laini ya simu iliyoandikwa kwenye maombi iko hewani na iko mikononi mwenu.

2. Linganisheni namba ya kidato cha nne kwenye maombi ya chuo na ya mkopo.

3. Fungueni akaunti ya mkopo muone kama kuna kasoro iliyotajwa. Bodi hutoa muda wa kurekebisha, na muda huo hupita.

4. Pigeni hesabu tatu kwa kila chuo kilichomchagua kijana, mbele yake, naye akiwa na kalamu.

5. Tengeni mfuko wa mwezi wa kwanza kwa kitu kinachoweza kuzalishwa tena: mbuzi, kuku, mihogo.

6. Kaeni na ukoo mapema. Mchango wa shangazi na wajomba ukiombwa Agosti hupatikana zaidi kuliko ukiombwa kesho yake ni safari.

Na kijana naye aambiwe ukweli wa hesabu hizo. Akijua nyumbani kuna nini na hakuna nini, atachagua vizuri zaidi kuliko akifichwa. Mwenye swali atuletee kupitia kipindi, tutamtafutia jibu kwa wahusika na kulisoma hewani ili na wengine wanufaike.